Shajara ya mradi: vitabu viwili vya hesabu na ile akaunti ya katikati

12 Januari

Hali ilivyo. Kuna vitabu viwili. Kimoja changu binafsi, cha nyumbani, naandika mwenyewe. Kingine cha kazi ndogo tunayofanya mimi na mdogo wangu, hicho anaandika yeye. Vyote viko kwenye GnuCash, programu ya kompyuta ya kuweka hesabu, kila kimoja na faili lake na kompyuta yake. Shida ni miamala inayogusa huku na huku: nalipia kitu cha kazi kwa hela ya mfukoni kwangu, kazi inanirudishia baadaye (au tunasahau wote wawili), intaneti ni moja inatumika nyumbani na kazini, alafu kila mwezi natoa posho yangu.

Kila mtu alikuwa anaandika anavyojua. Jana tumekaa kulinganisha mpaka 31 Desemba. Kitabu changu kinasema naidai kazi 41,300. Kitabu cha kazi kinasema mimi ndo nadaiwa na kazi 12,800. Yani tofauti ya 54,100, na kila mmoja wetu ana uhakika na chake.

Namba zote humu ni sarafu moja, weka ya kwako. Gharama naandika kwa masaa maana programu ni ya bure na hakuna tulichonunua.

13 hadi 18 Januari: kuunganisha vitabu (imeshindikana)

Wazo la kwanza lililonijia, nadhani kila mtu linamjia, ni kwamba kama vitabu viwili havipatani basi kiwe kimoja. Nikatengeneza faili jipya, akaunti zote za nyumbani chini ya tawi moja na za kazi chini ya tawi lingine, nikaanza kuhamisha.

Siku ya tatu nikaona ujinga wake. GnuCash haijatengenezwa kwa watu wawili kuandika faili moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mdogo wangu akifungua mimi nasubiri, na siku moja tulifungua kopi mbili tofauti kila mtu akaandika yake, sasa hapo ikawa tuna vitabu vitatu badala ya kimoja. Pili kila ripoti lazima uchague akaunti kwa mkono la sivyo faida ya kazi inachanganyika na matumizi ya nyumbani kwangu. Na tatu, sikutaka kabisa mtu aone natumia nini nyumbani hata kama ni mdogo wangu. Nikarudi kwenye bakap ya tarehe 12.

Gharama: masaa 9, yote bure.

19 hadi 24 Januari: kutoa huku na kuingiza kule (imeshindikana, ila nimejifunza)

Nikasema sawa, vitabu vibaki viwili ila niandike mara moja tu. Natoa miamala ya kazi kutoka kwangu kama CSV (faili jepesi la mistari ambalo programu nyingine inaweza kulisoma), mdogo wangu anaingiza kwake. Kwa maneno inapendeza sana.

Kilichotokea: baada ya kuingiza, tofauti ikazidi kukua. Tumekaa tunaangaliana. Kumbe mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, miamala mingine alishaiandika kwa mkono na mingine ilishaingia kutoka taarifa ya benki, kwa hiyo sasa iko mara mbili. Pili, akaunti zangu hazipo kwake, benki yangu yeye haimhusu, kwa hiyo mguu wa pili wa kila muamala (kila muamala unaandikwa pande mbili, debiti na krediti, kwa kiasi kilekile) ukaangukia kwenye ile akaunti inayojitengeneza yenyewe muamala usipokuwa na urari. Tatu, na hii ndo iliniuma maana nilitakiwa kuijua, pande hazikugeuzwa. Ninachodebiti mimi kama "naidai kazi" kwake lazima kiwe krediti, "kazi inadaiwa na dada" (dada ni mimi). Nikimpa faili langu lilivyo, deni linaingia kinyume, na ukijumlisha akaunti mbili badala ya kupata sifuri unapata mara mbili.

Ningeweza kuandika skripti, programu ndogo, ya kugeuza. Niliianza hata. Alafu nikajiuliza, hivi kwa mwezi tunayo miamala mingapi ya pamoja? Kumi na kitu. Kumi na tano ikizidi. Skripti ya siku mbili kwa ajili ya mistari kumi na tano, nikaacha.

Gharama: masaa 7, na saa moja na nusu ya mdogo wangu kufuta marudio.

26 Januari: akaunti ya katikati

Hii ndo iliyofanya kazi, na ukitaka kukopi kitu kimoja humu kopi hiki.

Kila kitabu kina akaunti moja inayotazama kitabu kingine. Kwangu, chini ya rasilimali, inaitwa "Kazi – katikati". Kwa kazi, chini ya madeni, inaitwa "Dada – katikati". Ni kama kioo, kila kinachoingia upande mmoja wa hii kinaingia upande wa pili wa ile kwa kiasi kilekile. Salio la moja likiwa 19,900 debiti, la pili lazima liwe 19,900 krediti. Sio takriban. Kilekile.

Na kila kitabu kinaandika kile tu kilichokigusa. Mfano nimelipia kifaa cha kazi 6,000 kutoka benki yangu:

Kwangu: debiti Kazi – katikati 6,000, krediti benki yangu 6,000.
Kwa kazi: debiti matumizi ya vifaa 6,000, krediti Dada – katikati 6,000.

Angalia kwangu hakuna matumizi. Mimi sijatumia, nimekopesha. Na kwa kazi benki haijaguswa maana benki yake kweli haijatoa kitu. Zamani mimi nilikuwa naandika matumizi kwangu na yeye anaandika matumizi kwake, kifaa kimoja kimenunuliwa mara mbili kwenye karatasi.

Usitengeneze akaunti mbili, moja ya "naidai" na nyingine ya "nadaiwa". Nilijaribu kwa siku moja. Salio likigeuka ligeuke tu kuwa hasi kwenye akaunti hiyohiyo, ndo utajua nani anadaiwa bila kutoa hii kwa ile.

1 na 2 Februari: kuitafuta 54,100

Akaunti mpya haisaidii kama salio la kuanzia ni uongo, kwa hiyo wikendi nzima imeishia hapa. Naeleza kwa kirefu maana makosa haya nadhani ni ya kila mtu.

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Kazi ilinitumia 3,400 tarehe 31 Desemba, kwangu ikaingia 2 Januari. Wote tuko sahihi, hela ilikuwa njiani tu. Imebaki 50,700.

Ya pili tuliiona kwa sababu faida ya Novemba ilikuwa nzuri mno. Niliweka 30,000 kwenye benki ya kazi ili tusikwame, kwangu nikaandika mkopo. Mdogo wangu aliona hela imeingia benki, akaandika mapato. Nilimuuliza akanijibu "Dada, hela imeingia, sasa ningeiandika imetoka?" Ana hoja, sikumwambia ni ya nini. Lakini hela kuingia na mapato ni vitu viwili, na kama tungekadiria kodi kwa faida ile tungelipia mkopo wetu wenyewe. Imebaki 20,700.

Hapa nikaingia mtego. Kuna ule ujanja wa wahasibu wa zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, mara nyingi mtu amepindua tarakimu mbili, kaandika 63 badala ya 36. Nikagawa 20,700 kwa 9, nikapata 2,300 kamili. Nikashangilia. Nikatafuta namba iliyopinduliwa inayoleta 20,700, masaa mawili, hakuna. Ujanja ule unafanya kazi kama kosa limebaki moja tu, na mimi nilikuwa na makosa mawili ambayo kwa bahati mbaya yote yanagawanyika kwa 9.

Nikaacha ujanja nikarudi kwenye kazi ya punda, mstari kwa mstari, mmoja anasoma mwingine anatia tiki. Fungu la kazi kwenye bili ya intaneti, mimi 8,500, yeye 5,800. Hiyo ni 2,700, tarakimu zimepinduka kweli, risiti inasema 8,500. Imebaki 18,000.

Sasa ujanja wa pili: tofauti ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, maana kitu kilichowekwa upande usio wake kinaharibu mara mbili. Nusu ni 9,000. Nikatafuta 9,000 kwenye kitabu changu, sekunde kumi tu, hiyo hapo. Kazi ilinirudishia 9,000 keshi na mimi niliiandika kama nimeikopesha tena. Kama ingepitia benki ningeigundua siku ya kulinganisha na taarifa ya benki, ila ilikuwa keshi na akaunti yangu ya keshi huwa siihesabu, naikadiria. Aibu kidogo.

Mwisho: kwangu 41,300 toa 18,000 ni 23,300, toa 3,400 iliyokuwa njiani, 19,900. Kwa kazi, −12,800 jumlisha 30,000 jumlisha 2,700, 19,900. Nimepiga picha skrini.

Gharama: masaa 11 yangu, 6 ya mdogo wangu.

8 Februari: namba za muamala

Kila muamala wa pamoja sasa una namba, inaandikwa kwenye ile sehemu ya namba ya muamala kwenye vitabu vyote viwili. Nikianzisha mimi ni D-001, D-002, ikianzia kazini ni K-001 na kuendelea. Anayeanzisha ndo anayetoa namba, kisha anamtumia mwenzake ujumbe wa mstari mmoja: namba, tarehe, kiasi, ni ya nini, na neno moja la mwisho, mkopo au marejesho au posho au mgawanyo. Lile neno la mwisho limetokana na ile 30,000.

Uzuri wa namba zinazofuatana ni kwamba pengo linajionyesha lenyewe. Kwake kuna D-004 na D-006, basi D-005 haijamfikia.

1 Machi: mwisho wa mwezi wa kwanza

Kila mmoja ametoa akaunti yake ya katikati kama CSV, nimeziweka kwenye shiti moja. Nilianza kuzioanisha kwa kiasi, kosa, maana Februari kuna malipo matatu ya 2,000 na fomula ikaoanisha la kwanza na la tatu. Nikaoanisha kwa namba, ikakaa dakika hiyohiyo.

Jumla haikuwa sifuri. 0.01.

Nilicheka kwanza. Alafu nikakosa usingizi kwa ajili ya senti moja. Intaneti ni 10,000, kazi inabeba theluthi mbili, mimi theluthi moja. Mimi nilipiga theluthi moja, 3,333.33, nikazidisha kwa mbili, nikaidai kazi 6,666.66. Mdogo wangu alipiga theluthi mbili moja kwa moja, 6,666.67. Wote hesabu zetu ni sawa na zinatofautiana. Dawa: aliyelipa ndo anayepiga mgawanyo na kutuma kiasi, mwenzake anakopi, hapigi tena. Na anayelipa anachukua kinachobaki baada ya kutoa fungu la mwenzake, sio kupiga mafungu yote mawili kila moja peke yake.

Gharama: saa 1 na nusu, nusu yake senti.

15 Machi: posho sio marejesho

Hili kosa ni langu mwenyewe na lilikaa miezi miwili bila kuonekana kwa sababu kioo kilikuwa kinakubali. Sifuri kila mara. Ndo maana naliandika kwa herufi kubwa kichwani: SIFURI HAIMAANISHI SAHIHI. Inaweza pia kumaanisha tumekosea pamoja.

Posho yangu ya kila mwezi tulikuwa tunaipitisha kwenye katikati. Kazi inanilipa 5,000, ninachoidai kinapungua 5,000. Lakini posho ni fungu langu la faida nalichukua, halihusiani na hela niliyokopesha. Kwa njia ile ningemaliza "kulipwa" mkopo wote kwa faida yangu mwenyewe na mkopo wa kweli ungepotea bila mtu kuiba.

Sasa kuna jozi ya pili ya vioo. Kwa kazi, upande wa mtaji: "Mtaji – Dada", na chini yake "Dada – aliyochukua". Kwangu, upande wa rasilimali: "Mtaji wangu kwenye kazi". Posho inapita huko. Faida ya mwaka ikigawanywa, fungu langu linaingia huko pia, pande zote mbili. Katikati imebaki kwa mikopo, marejesho na migawanyo ya bili tu.

Na hapana, kwenye kitabu cha kazi posho ya mmoja wetu hatuiiti mshahara, maana sisi ni wenye kazi sio waajiriwa wa kazi. Kama yenu ni kampuni iliyosajiliwa huenda kwenu ni tofauti, hilo muulize mhasibu wenu.

Tumesahihisha kwa miamala miwili ya kurekebisha, 10,000 kurudishwa kwenye katikati. Hatukufuta ya zamani.

2 Aprili: hela iliyoko njiani

Yale ya 31 Desemba yamejirudia 31 Machi, safari hii 7,200. Nilifikiria kumwambia mdogo wangu aandike tarehe ya kufika, ila basi benki yake haitakubaliana na taarifa yake. Nikifuata mimi tarehe ya kutuma, ya kwangu ndo haikubali.

Anayepokea anaandika mara mbili. Tarehe ya kutumwa: debiti "Hela njiani", krediti katikati. Tarehe ya kufika: debiti benki, krediti "Hela njiani". Ni kazi ya ziada ya nusu dakika, na tunaifanya kwa zile tu zinazovuka mwezi. Za katikati ya mwezi wala hatuhangaiki, tarehe zikitofautiana siku mbili hamna shida, namba inaziunganisha.

20 Aprili: nani kagusa Februari?

Februari iliyokuwa sifuri leo sio sifuri. Pungufu 1,500. Mdogo wangu alipata risiti halisi ya kitu cha D-009, akaona kiasi kilikuwa pungufu, akakisahihisha kwake palepale kwenye muamala wa Februari. Nia nzuri kabisa. Kwangu hakuna kilichobadilika.

Mambo mawili. Mwezi tukishaukubali, hauguswi na mtu, kosa likionekana linaandikwa muamala mpya wenye namba mpya na maelezo "kurekebisha D-009". Na kwa sababu ahadi ni ahadi tu, GnuCash ina kitu kinaitwa mstari mwekundu: kwenye mipangilio ya faili lenyewe (sio mipangilio ya programu, nilipotea hapo) unaweka idadi ya siku, na muamala wa zamani kuliko hizo haubadiliki tena. Tumeweka 45 kwenye vitabu vyote. Kumbuka mstari unatembea na siku, haufungi pale ulipokubaliana, kwa hiyo mwezi uliokubaliwa jana bado uko wazi kwa muda. Tunavumilia.

4 Mei

Machi na Aprili sifuri, jozi zote mbili. Dakika 25 kwa yote. Hakuna cha kuandika.

7 Juni: picha ya pamoja

Niliulizwa swali na mdogo wangu, kwamba ukiniweka mimi na kazi pamoja nina kiasi gani hasa. Nikajumlisha mizania mbili (zile orodha za rasilimali, madeni na mtaji) kwenye shiti, nikajiona tajiri kwa dakika tano.

Mtaji wangu kwenye kazi ni rasilimali kwangu, lakini ni vilevile vifaa na benki vilivyoko kwenye kitabu cha kazi. Nimevihesabu mara mbili. Na 19,900 za katikati (sasa hivi ni 26,150) kwangu naidai, kwa kazi inadaiwa, ukiziweka kwenye meza moja zinauana. Kampuni kubwa zenye kampuni tanzu hufanya hivihivi, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachoitwa IFRS 10 kinataka miamala na masalio ya ndani ya kundi yaondolewe yote kabla ya kutoa hesabu za pamoja. Sisi tumefuta mistari minne kwa mkono: katikati na mwenzake, mtaji wangu na mwenzake. Kilichobaki upande wa mtaji wa kazi ni cha mdogo wangu, hicho sio changu na kinabaki kimeandikwa jina lake.

Kama kioo kisingekuwa sifuri hii mistari minne isingefutika, ingebaki tofauti na ningelazimika kuibandika mahali nikaiita "mengineyo".

Gharama: masaa 2.

5 Julai

Jumla mpaka leo: masaa yangu kama 39, ya mdogo wangu sijui vizuri, yeye anasema 15. Kwa mwezi sasa ni nusu saa kwangu na nusu kwake.

Bado: bili ya intaneti imepanda na tunabishana kama theluthi mbili bado ni haki, yeye anasema nyumbani kwangu ndo inatumika zaidi usiku. Tukikubaliana mgawanyo mpya utaanza na bili inayofuata, hatutarudi nyuma. Na akaunti yangu ya keshi nimeihesabu kweli kwa mara ya kwanza, imepungua 640 na sijui zimeenda wapi.

Namba inayofuata ni D-047.